Fundi wa Yamaha za zamani pale Chang'ombe, Dodoma: nilimpelekea DT 175 ya baba

Wiki tano zimepita tangu niichukue pikipiki kwa fundi. Sikutaka kuandika siku ile ile, kwa sababu siku pikipiki ya mzazi wako inapowaka baada ya kulala miaka, utaandika sifa tupu. Sasa nimeiendesha kilomita 412. Nati za eksozi zimeshalegea mara moja nikazikaza, nimeshajua inapovuja na isipovuja. Naona naweza kusema jambo la kumsaidia mtu mwenye chombo kama hiki ndani ya banda lake.

Ni Yamaha DT 175 ya mwaka 1976, tu-stroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli), gia tano, shokapu mbili nyuma. Baba alikuwa bwana mifugo Mpwapwa. Aliinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya serikali, na mimi nikiwa mtoto ndiyo niliyoijua kuwa sauti ya baba anarudi. Alikwenda nayo Kibakwe, Rudi, Berege, Gulwe, sanduku la chanjo likiwa limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Kwenye tenki, upande wa kushoto, pana mchubuko mrefu wa pembe ya fahali aliyekataa kuchomwa sindano. Nilijifunzia kuendesha pikipiki hiyo hiyo, kwenye uwanja wa shule, baba akikimbia pembeni ameshika kiti. Mwaka 2013 magoti yake yalikataa kupiga kiki, akaiweka bandani, akaifunika turubai.

Miaka miwili iliyopita niliileta Dodoma kwenye karakana moja ambayo siitaji. Wakafunga pistoni mpya na ringi mpya, wakapaka rangi nyeusi ya kupuliza juu ya injini bila kusafisha, wakaniambia "imepona, mama". Nikaenda nayo kilomita tisa. Kwenye kilomita ya tisa ikalia kama inakosa pumzi, halafu gurudumu la nyuma likakwama nikiwa kwenye mwendo wa kama hamsini. Baba alinifundisha tangu zamani kwamba kidole kimoja kisitoke kwenye klachi ya tu-stroki. Niliibana, gurudumu likaachia, nikateleza hadi pembeni salama. Nilikaa chini ya mgunga nikitetemeka. Nilipowarudia wakasema oili niliyotumia ni feki. Nilikuwa nimeinunua kwao.

Kwa hiyo mtu aliponielekeza kwa fundi wa Chang'ombe nilikwenda na moyo mzito. Hana bango. Ni uwanja wenye mwarobaini mkubwa, kontena la bluu, meza ya mbao, na jirani anayechomelea mageti mchana kutwa. Ukiuliza kwa bodaboda wa pale "fundi wa Yamaha za zamani" watakupeleka bila kukutoza. Ni mzee wa miaka sitini na kitu. Akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha akauliza swali ambalo kule kwa kwanza hawakuuliza kabisa: "Iliponata, ilikuwa imeshapata moto au ulikuwa ndiyo kwanza umeondoka?"

Akafungua kifuniko cha oili ya gia upande wa kulia, akachovya kidole, akanusa, akaninyooshea na mimi ninuse. Ilinuka petroli. Petroli ndani ya gia!

Alinieleza akiwa amechuchumaa, na naandika hapa kwa sababu wengi wenye tu-stroki hawaambiwi. Kwenye injini hizi, hata chini ya pistoni pana kazi. Mchanganyiko wa petroli na hewa huingia kwanza kwenye chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), pistoni ikishuka ndiyo unasukumwa kwenda juu kuwaka. Chumba hicho lazima kizibwe kabisa, na kinachoziba ni sili mbili za mpira, moja kila upande wa krenki. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini inakunywa oili ya gia, unaona moshi mweupe, na petroli nayo inapenya kwenda kwenye gia. Ya upande wa magneto, kile kigurudumu cha sumaku kinachozalisha umeme, ikikauka, inavuta hewa ya nje: hewa inazidi petroli, moto wa ndani unakuwa mkali mno, pistoni inavimba na kunata kwenye silinda. Pikipiki iliyolala miaka kumi bandani Mpwapwa, kwenye ukavu ule, sili zake zinakuwa ngumu kama kucha. Akaichomoa ya upande wa magneto mbele yangu, akaikunja kwa vidole viwili. Ikakatika. Wale wa mwanzo walikuwa wamefunga pistoni mpya bila kugusa sili, maana yake hata kama wangefunga pistoni ya dhahabu ingenata vilevile.

Mimi ni fundi cherehani. Nikitaka kujua kazi ya fundi mwenzangu, naigeuza nguo nitazame ndani. Kwa huyu mzee niliruhusiwa kutazama ndani kila Jumamosi kwa miezi mitano, na hapo ndipo sifa zangu zinapotoka.

Kila kitu alichokitoa alikiweka kwenye boksi la biskuti lenye jina la pikipiki yangu, na boksi lile nimekabidhiwa likiwa limejaa: sili zilizokufa, beringi za krenki zilizokuwa zinalia mchanga, platini zilizochimbika, pistoni ile iliyonata. Pistoni ina mistari upande wa eksozi, kama mtu amekwangua kwa msumari. Silinda ilipelekwa Morogoro kuchongwa hadi saizi ya juu yake, milimita 66.50, na pistoni na ringi za saizi hiyo zikapatikana Gerezani, Dar es Salaam. Zilipofika hakuzifunga siku hiyo. Alitia pistoni kwenye silinda bila ringi, akapenyeza filageji, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, akaipima juu, katikati na chini, akaigeuza akapima tena. Akanipa na mimi nivute kijani cha milimita 0.04. Kinatoka kwa shida kidogo, kama uzi unaopita kwenye sindano inayoutosha. Ni chini ya unene wa unywele. Nilimwambia ni kama kukata mkono wa gauni: ukibana mno mtu hainui mkono, ukiachia mno unapwaya. Tangu siku hiyo akawa ananiita "fundi mwenzangu".

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya platini. Pikipiki hii haina sidiai, kile kifaa cha kisasa cha umeme kinachopanga cheche. Cheche inatokana na viplati viwili vidogo nyuma ya magneto vinavyoachana kila mzunguko, na inabidi viachane pistoni ikiwa imebakiza milimita 1.8 kufika juu. Vikiwahi injini inagonga, vikichelewa inachoka na kuchemka. Alipachika saa ya kupimia kwenye tundu la plagi ili aone pistoni ilipo. Kisha akachana karatasi ya sigara, akaibana katikati ya viplati, akaniambia niivute taratibu huku yeye anazungusha magneto kwa mkono. Inavutika, inakataa, inakataa, halafu ghafla inaachia, laini kabisa. "Hapo," akasema. Akatazama saa: 1.9. Akalegeza skrubu, akasogeza sahani pengine upana wa nukta, tukarudia. Mara nne, mpaka ikasoma 1.8. Karatasi ile ninayo, nimeibandika ndani ya daftari langu la vipimo.

Kuna mambo sikukubaliana naye. Alitaka kupaka tenki rangi mpya, akanionyesha nyekundu nzuri kweli. Nilikataa kwa sababu ya ule mchubuko wa fahali. Hakubishana, alisafisha kutu ya ndani kwa siki na vipande vya cheni ya zamani, akatikisa siku mbili, nje akapiga polishi tu. Zile alama tatu zilizopishana ndani ya duara kwenye nembo ya Yamaha, ambazo maisha yangu yote nilidhani ni spoku za gurudumu, ndiye aliyenifumbua macho: ni vyuma vitatu vya kupimia sauti za ala za muziki, kwa sababu kampuni ilianza na vinanda, na pikipiki zikafuata mwaka 1955. Kiti nilikishona mwenyewe, reksini nyeusi, uzi wa nailoni, mshono mara mbili. Alikipitishia kidole pembeni mwa mshono wote kabla hajakifunga. Na mimi nilikuwa nasubiri atasemaje, sitaficha. Akasema, "Huu hauingizi maji."

Sasa malalamiko, maana yapo. Aliniahidi wiki sita, ikawa miezi mitano. Sehemu ya muda huo ni vipuri, lakini sehemu nyingine ni kwamba simu hapokei akiwa kazini, na ukikosa kupita mwenyewe kazi yako inasogea nyuma. Risiti hana. Nililazimika kununua daftari, nikamwomba aandike kila shilingi na asaini, akakubali. Hesabu yote ilifika 1,265,000, ufundi wake ukiwa 400,000 humo ndani, tairi mbili na tyubu 230,000, betri ya volti 6 peke yake 100,000 kwa sababu ni za kutafuta kwa tochi. Kwa fedha hiyo na kidogo juu yake mtu angeweza kupata Boxer iliyotumika inayotembea vizuri. Mwenye kutafuta chombo cha biashara asipoteze fedha zake hapa. Na mwenye haraka pia asiende.

Halafu ikaja siku yenyewe.

Alinipigia Alhamisi jioni. Kazi imekwisha. Nikamuuliza inanguruma vipi. Kimya kidogo, kisha akasema, "Sijaiwasha. Ya mzee wako, njoo uiwashe wewe." Mtu amefanya kazi miezi mitano, chombo kiko mbele yake, kiki iko chini ya mguu wake, na amekiacha mpaka Jumamosi. Hilo hulipi kwa fedha.

Jumamosi ya Julai, baridi ile ya Dodoma yenye upepo unaopenya kwenye kitenge. Nilifika saa moja na nusu. Nikampigia baba Mpwapwa, dada yangu akamwekea simu sikioni, na kijana wa kazi pale akaishika simu yangu karibu na injini. Fundi hakuniruhusu kupiga kiki mara moja. Kwanza pampu ya oili: DT ina tenki lake la oili ya 2T, yaani ya tu-stroki, na pampu inayochanganya yenyewe. Ikiwa ilikauka, ndani ya mpira kunabaki hewa, na injini inaweza kukimbia bila oili huku wewe unaona tenki limejaa. Alilegeza skrubu ndogo ya pampu, oili ikatoka na mapovu, mapovu yakapungua, yakaisha, akakaza. Juu ya hapo, kwa usalama, petroli ya kwanza lita tano aliichanganya na mililita 100 za oili kwa mkono. Kisha akatoa plagi, nikapiga kiki kumi tupu ili oili ienee. Kisha plagi ikarudishwa kwenye kofia yake, ikalazwa kwenye mapezi ya silinda, nikapiga: cheche ya bluu, tik, inaonekana hata mchana.

Akafunga plagi. Petroli wazi. Choki juu. "Haya, fundi mwenzangu."

Kiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya nne ilikohoa mara moja na kuupiga mguu wangu kwa nyuma. Ya sita ikashika: nge-nge-nge, moshi wa bluu ukajaa uwanja mzima, jirani akazima mashine ya kuchomelea, kisha ikaanza kuzama, inazama, naisikia inakufa. Na sauti ya baba ikatoka kwenye simu, kutoka kilomita zaidi ya mia, kwa ukali ule ule wa uwanja wa shule: "Mama, toa choki! Inajaa!"

Nikashusha choki. Ikapanda. Nge-nge-nge-ngeee, safi, ikatulia kwenye mngurumo wake wa chini yenyewe bila mimi kugusa resi. Fundi akaweka kiganja juu ya tenki akafumba macho. Harufu ile ya oili ya 2T, tamu na nzito, ni harufu ya shati la baba saa kumi na mbili jioni. Nililia, na sioni haya kuiandika. Baba kwenye simu hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza, "Platini wameweka ngapi?"

Ikanguruma dakika tatu, fundi akaizima. Tukasubiri mpaka mkono ukae kwenye mapezi ya silinda bila kuungua. Tukawasha tena, tukazima, tukasubiri. Mara tatu. Ringi mpya na silinda iliyochongwa upya zinahitaji kuzoeana kwa moto mdogo mdogo kabla hujapanda, na baada ya kupoa mara ya mwisho alikaza upya nati za kichwa cha silinda, mbili kati ya nne zikasogea. Asubuhi nzima ikaishia hapo, kwa chai ya rangi na chapati za mama wa jirani. Vijana wa boda walikuja mmoja mmoja. Mmoja aliuliza kama kweli hainywi oili ya injini chini kama ya kwake, nikamwonyesha tenki la 2T, akachuchumaa kulitazama kama mimi nilivyochuchumaa siku ya kwanza.

Saa sita nikatoka nayo. Fundi akanifuata kwa Boxer, spana ya plagi mfukoni. Tukashika barabara ya Arusha, tukapita Chuo cha Mipango, kuelekea Msalato ambako Jumamosi ni siku ya mnada. Masharti yake yalikuwa haya: usivute resi zaidi ya nusu, usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, usiiburuze kwenye gia kubwa ikilalamika, na ukishuka mteremko usifunge resi kabisa, kwa sababu pampu ya oili inafuata resi, injini inakimbia huku inapata oili kidogo. Hilo la mwisho sikuwahi kulijua, na nimeendesha DT hii tangu nina miaka kumi na tano.

Gia ya kwanza chini, nne juu. Klachi nyepesi, kebo mpya. Mwanzoni mwa resi ni mpole, kisha ikikaribia nusu kuna mahali inaamka, unaisikia mgongoni, na ni pale pale unapotakiwa kurudisha mkono. Upepo ulikuwa unanipiga ubavuni, tairi za vifundo zinaimba kwenye lami. Breki za mbele ni za ngoma, zinashika lakini si ghafla, na ukiachia resi injini haikuzuii kama Boxer inavyokuzuia, inateleza tu kwenda. Aliyezoea pikipiki za sasa aache nafasi mara mbili mbele yake. Mimi nilikumbuka hilo nyuma ya lori la mbuzi.

Msalato fundi akaniambia nizime nikiwa bado kwenye mwendo, nibane klachi, nisimame. Akatoa plagi ikiwa moto. Nyeusi kidogo, yenye masizi. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo petroli inazidi. Pale pale, pembeni mwa watu wanaonunua nyama, akafungua kabureta, akapandisha kiklipu cha sindano tundu moja ili sindano ishuke na petroli ipungue. Tulipofika Chang'ombe akatoa plagi tena: kahawia ya chai ya maziwa. Akanipa niishike na kitambaa.

Tangu hapo: nati za eksozi zilizolegea kwenye kilomita ya sitini, alinipa za kujifunga bila kunidai. Sili ya uma wa mbele, upande wa kushoto, inatoa oili kidogo, amesema nirudi. Taa ya mbele ya volti 6 ni ya kuonekana tu, si ya kuonea. Saa kumi na mbili jioni mimi nimeshaiingiza ndani. Inawaka kiki ya pili kila asubuhi, ya tatu kukiwa na baridi sana.

Ukimwendea, nenda asubuhi kabla jirani hajaanza kuchomelea, nenda na daftari, na nenda na jibu la swali lake la kwanza. Amenikataza safari ndefu mpaka kilomita 500 zitimie, ndipo niende Mpwapwa kupitia Mbande na Kongwa. Baba anauliza idadi kila jioni. Jana nilimwambia zimebaki 88, akasema nimletee ile pistoni iliyonata, anataka kuiona mwenyewe.